Miaka Yangu ya Kutafuta Hapana

Wenzangu wadogo wa idara wameniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijasahau, au kama alivyosema mmoja wao bila haya, kabla hawajanisahau. Nimekubali. Nimestaafu miezi minne sasa, na bado ninaamka saa kumi na moja na nusu, ninaoga, ninachukua mkoba, halafu nakumbuka kwamba wanaonisubiri nje ni kuku tu. Wakati ninao. Nitaeleza kazi peke yake. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili, kama panya walibakiza kitu.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuielewa kazi yangu, wakiwemo ndugu zangu wa damu, nilikuwa nachunguza jinsi lugha mbalimbali zinavyokanusha. Kila lugha ina namna ya kusema kwamba jambo halikuwa, haliko au halitakuwa. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa kitenzi, Kijaluo huweka neno dogo mbele yake, Kikipsigis kina njia zake na Kikisii zake. Mimi nilizilinganisha. Siku nilipopata kazi nilimweleza mama yangu, aliyechuma chai maisha yake yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kweli serikali imekosa kabisa la kufanya.

Nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai, Kericho. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa. Nyumbani tulisema Kijaluo, kwenye mfereji wa maji tulisema Kiswahili, na Kikipsigis nilikiokota shuleni kwa watoto wa wakulima. Mama yangu alipokataa jambo, hapana yake ilisikika hadi laini ya tatu, na mtu wa laini ya tatu aliacha alichokuwa anafanya isije ikawa na yeye anahusika. Nilikua nikidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyokataa. Nilipoingia chuoni nikiwa na lugha tatu mdomoni, nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii, na kwa bahati mbaya hakuna aliyenikatalia.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni mkuu wetu wa wakati huo, Mzee Nyabuto, Mkisii mwembamba aliyevaa sweta hata Januari. Alinipa kinasa sauti kizito kama mkate mzima, boksi la kadi, na orodha ya sentensi iliyotungwa ng'ambo na watu ambao ni wazi hawajawahi kukanyaga vilima vya Konoin nilikotumwa. Akaniambia nisimletee maoni yangu, nimletee sentensi. Kisha akaniuliza kama ninaweza kunywa chai nyingi. Nilidhani ni mzaha, kumbe lilikuwa swali la usaili.

Alikuwa na masharti yake ya kuchagua mzungumzaji, na ninayaandika hapa kwa kuwa hayamo katika kitabu chochote. Awe na meno yote ya mbele, la sivyo utachunguza mapengo. Nyumba yake iwe mbali na barabara ya malori ya majani chai na mbali na kinu cha posho. Asiwe mtu wa mikutano mingi. Asiwe na jogoo anayependa kujibu. Na asiwe mwalimu mstaafu, kwa sababu mwalimu mstaafu atakuambia jinsi watu wanavyopaswa kusema badala ya wanavyosema. Sharti hilo la mwisho sasa linanihusu, na naomba mlizingatie.

Kwa masharti hayo nilimpata Mama Chebet wa Mogogosiek. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa chai na ng'ombe wawili wa maziwa, mwimbaji kanisani, meno yote yapo. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, na sauti pekee iliyotusumbua ilikuwa ya mvua juu ya mabati, ambayo Mogogosiek hunyesha kila alasiri bila kuuliza kama mtu anarekodi. Tukakubaliana nije kila Jumanne baada ya yeye kupeleka majani kituoni. Nilikuja Jumanne hizo, kwa vipindi, kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo akinitambulisha kwa mtu huniita mgeni wake.

Sentensi ya kwanza ngumu kwenye orodha ile ilikuwa kuhusu mwanamume ambaye hajawahi kuona theluji. Mama Chebet aliuliza theluji ni nini. Nilimweleza kwamba ni barafu inayoanguka kutoka angani. Akaweka kikombe chini kwa heshima, maana mwaka huo mvua ya mawe ilikuwa imechana chai yake yote, kisha akasema mwanamume huyo ana bahati sana, akauliza anaishi wapi. Ilinichukua Jumanne nzima kumrudisha kwenye sentensi. Alipoitoa hatimaye ilikuwa nzuri mno, ndefu na yenye huruma, na ilimhusu mkulima ambaye hajawahi kupigwa na mvua ya mawe na kwa hiyo hajui kuomba Mungu. Niliiandika kwenye kadi, nikaweka alama ya kuuliza.

Sasa niwaeleze namna tulivyofanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoangukia. Baada ya kukusanya sentensi za mzungumzaji, mtafiti hutunga zake mwenyewe kwa lugha ile, humsomea, na mzungumzaji husema kama ni nzuri, ya kati au mbaya. Zile mbaya ndizo zenye faida, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha mipaka ya lugha iko wapi. Kwa hiyo mtafiti anayejua kazi hutunga makosa makusudi. Mimi nilitunga mengi, mengine kwa makusudi.

Mama Chebet alizipitisha zote. Nilimsomea, akatazama kikombe chake, akanywa kidogo, kisha akasema, "Hiyo pia inaweza semwa." Wakati mwingine alisema kuna watu wanaweza kusema hivyo. Mara moja alisema hiyo ni ya watu waliosoma sana. Mimi nikaweka tiki, tiki, tiki. Niliporudi chuoni nilijivunia kwamba nimepata mzungumzaji mwenye msimamo usioyumba. Mzee Nyabuto alipekua kadi zile moja moja, akanitazama juu ya miwani.

"Hajawahi kukataa hata moja?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa fahari kwamba hata moja. Akaniambia nimpelekee sentensi ya upuuzi mtupu, maneno yaliyovurugwa kama mahindi na mawe, nione atasemaje. Sikufanya. Niliona ni kumkosea heshima mama wa watu aliyeacha shamba lake kwa ajili yangu, tena akinipa chai yenye maziwa ya kutosha na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakipsigis, kila Jumanne. Nilimdanganya Mzee Nyabuto kwamba nitafanya wiki ijayo, na baada ya muda akastaafu, sweta yake ikastaafu naye, na wiki ijayo haikufika.

Kutokana na kadi zile niliandika makala. Sitawachosha na yaliyomo. Inatosha kusema kwamba nilidai Wakipsigis wana namna moja ya kukanusha ambayo haijawahi kuonekana katika lugha nyingine yoyote ya jamii yao. Watu wa mbali walifurahi sana. Walinialika, nikapanda ndege, nikala vyakula visivyo na chumvi, nikasimama mbele ya watu na kuisoma kwa sauti sentensi ya mfano ambayo Mama Chebet alikuwa ameipitisha. Wataalamu huwa wanajulikana kwa jambo moja, na mimi nilijulikana kwa hilo. Hata barua zilipokuja idarani, wengine waliandika jina langu vibaya lakini ile sentensi waliiandika sawasawa.

Jambo dogo tu lilinikera. Ile sentensi Mama Chebet aliikubali baada ya mimi kumsomea, lakini sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine akijisemea mwenyewe. Nikaamua kuifuata mahali ambapo watu wanakataliana kila siku, yaani kituo cha kununulia majani chai. Pale karani hupekua gunia, na akikuta majani makubwa yaliyokomaa badala ya mawili na kichipukizi, anakataa, na mkulima naye anakataa kukataliwa. Nilidhani nitachota ukanushaji kwa ndoo. Niliketi pembeni ya mizani na kinasa sauti wiki tatu, nimevaa koti jeupe nililolipenda wakati huo.

Wakulima waliona mama wa koti jeupe mwenye mashine na daftari, wakajua ni mkaguzi kutoka juu. Majani yaliyoletwa wiki zile, nasikia, hayajawahi kuonekana tena katika kituo kile. Yalikuwa laini, sawasawa, kila kichipukizi na majani yake mawili kama yamepimwa kwa rula. Karani hakupata la kukataa. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa nimerekodi salamu nyingi sana na habari za mazishi mawili. Karani mwenyewe alinijia akaniambia kwa upole kwamba labda kesho nipumzike nyumbani, kwa sababu kuketi kwenye baridi kunachosha. Niliiandika sentensi yake chini ya kichwa cha maombi na matakwa. Ilikuwa ndiyo hapana pekee niliyopewa pale, na sikuitambua.

Katika makala iliyofuata nilieleza kwamba ile namna ya kukanusha ni adimu na ya adabu ya juu, haitumiki mahali pa kelele. Mnaona jinsi msomi anavyoweza kujitoa shimoni kwa kuchimba.

Hapo ndipo anapoingia Chepngeno. Alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamili, msichana wa Merigi, Mkipsigis wa kuzaliwa, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Aliamua kuchunguza ukanushaji katika mazungumzo ya kawaida, na mzungumzaji wake mkuu alikuwa nyanya yake, au kogo kwa Kikipsigis, Kogo Tapkigen, aliyemlea. Alimrekodi kogo huyo akikama ng'ombe, akichambua maharagwe, akigombana na mbuzi wa jirani. Aliniletea rasimu na boksi la kanda. Ile namna yangu mashuhuri ya kukanusha haikuwamo. Hata mara moja.

Nilimwambia arudi akakusanye zaidi, kwa sababu kutokuona kitu si ushahidi kwamba hakipo. Akasema sawa. Akarudi na kanda zaidi, haikuwamo. Nikamwambia amsomee kogo sentensi yangu amwulize moja kwa moja. Akasema sawa. Akarudi na jibu kwamba kogo amecheka. Hakuweka maelezo, aliandika tu kwamba mzungumzaji alicheka. Nilichukua kalamu nyekundu na pembeni ya jina la Kogo Tapkigen nikaandika: mzungumzaji huyu si wa kuaminika. Nikamwambia atafute mwingine.

"Sawa, Mwalimu," alisema. Akafunga kitabu chake, akaniaga vizuri, akatoka, na hakurudi tena.

Niliwaambia wenzangu kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Nilisema hivyo kwa miaka, hata wao walipokuwa si vijana tena.

Nilipokaribia kustaafu nilitaka kukusanya kazi yangu yote katika kitabu kimoja kinene. Kabla ya hapo nilikwenda Mogogosiek kumuaga Mama Chebet. Sasa ni mzee, meno mawili yameondoka, lakini chai ni ileile. Nilimkuta na dada yake aliyekuja kumtembelea. Niliweka kinasa sauti mezani, hiki cha sasa ambacho ni kidogo kama kiberiti, nikamsomea sentensi kumi hivi za kumalizia. Akazipitisha. Kisha akaniambia niende nikaone ndama aliyezaliwa. Nilikwenda, nikamsifu ndama, nikarudi, nikaaga, nikaondoka. Nilikuwa nimesahau kuzima mashine.

Kesho yake asubuhi niliketi barazani kwangu kusikiliza. Nilipofika mahali nilipotoka kuona ndama, wale dada wawili walianza kuongea haraka haraka kwa Kikipsigis, na mimi nikafurahi mno. Haya ndiyo mazungumzo ambayo mtafiti huyaota, watu wanaongea wao kwa wao na hakuna mgeni. Na yalikuwa yamejaa ukanushaji. Nilichukua karatasi nikayanakili neno kwa neno, nikakata kila neno vipande vyake, nikapiga mstari chini ya kila kikanushi. Nilijaza kurasa mbili. Nilikuwa nimechora hata mshale pembeni wa kusema mfano bora. Nilifika ukurasa wa tatu ndipo nikaanza kutafsiri, na ndipo nikagundua wanayemzungumzia ni mimi.

Dada mtu alikuwa amemwuliza Mama Chebet kwa nini anamwambia yule mwalimu kwamba watu wanasema vile, na hakuna mtu anayesema vile, wala wazee wala watoto wala walevi. Mama Chebet akajibu kwamba hakuna, ndiyo, hakuna. Lakini yule msichana alikuja hapa na karatasi zake, amelowa mvua, na amezibeba miaka yote hii. Nimwambie karatasi zake hazina kitu? Mtu amekuja nyumbani kwangu, anakunywa chai yangu, halafu nimkatalie? Dada yake akauliza, na wale wanaosoma hicho kitabu je? Mama Chebet akasema hao hawajaja kwake.

Nilizima mashine. Nilikaa pale hadi chai ikaota ngozi juu. Niliona aibu ya namna ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni, aibu inayopanda hadi masikioni. Maisha yangu yote nilikuwa nimechunguza jinsi watu wanavyokataa, nikakaa miaka ishirini mbele ya mwanamke aliyekuwa akinikatalia kila Jumanne kwa adabu kubwa, na mimi nikamwekea tiki.

Nilirudi kwake wiki hiyohiyo. Sikumwambia nimesikia nini. Nilimwuliza tu kama zile sentensi zote nilizomsomea tangu zamani zilikuwa nzuri. Alichukua birika, akanijazia kikombe.

"Wewe unaongea vizuri kuliko ile siku ulikuja," aliniambia. "Kunywa chai."

Nikanywa. Sikuweza kumkasirikia. Nilipaswa kujua, na Mzee Nyabuto alikuwa amenipa dawa yake siku za mwanzo kabisa, sentensi moja ya upuuzi. Nyinyi mnaoanza, tafadhali, wapelekeeni watu sentensi ya upuuzi. Wakiipitisha, funga daftari, nenda ukawasaidie kuchambua maharagwe, usikilize.

Kitabu nilikiacha. Niliandika barua kwa wale waliochapisha makala zangu, nikaeleza kwamba ile namna ya kukanusha haipo na kwamba niliitunga mimi bila kujua. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika na iliyonichukua siku nyingi kuliko zote. Lakini nilipokuwa naiandika, jina lililonijia si la msomi yeyote wa ng'ambo. Lilikuwa la Kogo Tapkigen, aliyecheka.

Nilikwenda stoo ya idara kutafuta boksi la Chepngeno. Rasimu ilikuwepo, na wino wangu mwekundu ulikuwa bado mbichi kuliko nilivyotaka. Kanda pia zilikuwepo, zote, zimepangwa vizuri. Ila juu ya vibandiko, mwandiko mzuri wa Chepngeno ulikuwa umekatwa mstari, na chini yake kuna mwandiko wangu. Nikakumbuka. Mwaka ule tulipungukiwa kanda, na mimi nilikuwa na safari. Nikatafuta mashine ya zamani, nikaweka kanda ya kwanza. Ilikuwa sauti yangu nikifanya mazoezi ya hotuba, nikieleza ile sentensi. Niligeuza upande wa pili. Pia ulikuwa mimi. Nilisikiliza kanda zote hadi mwisho, kila upande, nikitumaini nilichoka mahali fulani nikabakiza dakika moja ya kogo. Sikuchoka. Nilikuwa na bidii sana siku zile.

Chepngeno ameolewa Ndanai na ana duka la dawa za mifugo pale sokoni. Nilimpata siku ya soko, amevaa aproni ya bluu, anamweleza mzee mmoja jinsi ya kupima dawa ya kupe. Alinitambua mara moja. Alinikaribisha ndani ya kaunta, akanipa stuli, akaagiza chai iletwe, akaniuliza habari za idara kwa ukarimu ulionifanya nitamani angenifukuza. Nikamwambia yote, kuanzia Mama Chebet hadi barua.

"Mimi nilijua, Mwalimu," alisema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia. Nilikuja mara tatu na maneno ileile. Mtu akikuja mara tatu na maneno ileile, anakuambia nini?"

Nilimwambia nilichokuwa nimekuja nacho, kwamba nitazungumza na idara arudi amalize, kwamba rasimu yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba nitasimama mbele ya yeyote. Alitikisa kichwa polepole. Alisema wakati huo ulishaenda, ana duka, ana watoto, na watu wa Ndanai wanamwita daktari kwa sababu ya ng'ombe, na hiyo inamtosha. Kisha akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Unajua kogo aliniuliza mwalimu amesema nini juu yake," alisema. "Nilikuwa nimesoma ile uliandika na nyekundu. Nikamwambia umesema anaongea vizuri sana. Alifurahi. Alikufa akijua hivyo."

Nilitazama chini. Nilimwomba msamaha, kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujisaidia mimi.

"Hiyo digrii mimi sitaki," aliendelea. "Lakini kuna kitu nataka. Zile kanda. Watoto wangu hawajui sauti yake. Hatukuwa na simu za kurekodi wakati ule, hakuna mahali ingine iko. Nilikuwa naogopa kuja kuuliza."

Nilikuwa na neno tayari mdomoni, na lilikuwa "nitazitafuta". Ni neno zuri. Angelielewa, angesema sawa, tungekunywa chai, ningeondoka na yeye angejua na mimi ningejua na hakuna ambaye angelazimika kusikia. Nimeishi na watu hawa vya kutosha kujua jinsi ya kulisema.

"Hazipo, Chepngeno," nilisema. "Nilizifuta mimi. Nilirekodi mengine juu ya sauti yake."

Aliacha kufuta kaunta. Mama mmoja aliingia akataka chumvi ya ng'ombe, akamhudumia, akamfungia kwa gazeti, akamuuliza hali ya mtoto wake aliyekuwa mgonjwa. Mama yule alipotoka, Chepngeno alibaki amegeukia rafu, anapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Ulirekodi nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi. Nikisoma hotuba."

"Ya ile sentensi?"

"Ya ile sentensi."

Aliendelea na chupa hadi rafu yote ikaisha. Nilifikiri nisimame nijiondokee, na nadhani hiyo ingekuwa rahisi kwa sisi wote wawili. Kisha akageuka na macho yake yamekuwa mekundu, akavuta debe tupu la dawa akaliketia mbele yangu, akaniuliza kama nina kalamu.

Nilikuwa nayo. Nikatoa daftari. Akafumba macho kidogo, akaanza kusema kwa Kikipsigis maneno ambayo kogo wake alisema asubuhi ya kwanza ya kumrekodi, yule mbuzi wa jirani alipoingia kwenye sukuma wiki, na hakuongea kwa sauti yake ya dukani, aliongea kama kogo, chini na taratibu, sauti ikikwaruza kidogo mwishoni mwa neno. Niliandika kwa haraka kadiri mkono ulivyoweza. Alipotua, nilimsomea nilichoandika, kama tunavyofanya.

"Hapana," alisema. "Kogo hakusema hivyo."

Nikaukata mstari, nikamwomba arudie.